Ukitaka Kufufua Land Rover 109 Nyumbani, Anzia Chini

Pikapu ya zamani ikishaingia uani, kitu cha kwanza ambacho karibu kila mmiliki hukitamani ni rangi. Anaiona tayari kichwani: kijani kilichoiva, madigadi yanang'aa, rimu nyeupe. Fundi rangi naye hayuko mbali, na bei inazungumzika. Kwa miezi kadhaa gari linapendeza kweli. Kisha masika inaingia, kutu iliyojificha ndani ya chesisi inaendelea na kazi yake, mlango wa dereva unaanza kukataa kufunga kwa sababu gari limelegea katikati, na fedha iliyopaswa kutengeneza chuma imeishia kwenye rangi. Nimeona Land Rover nzuri zikifa hivyo, na nyingi zilikuwa bado zinaokoleka.

Kwa hiyo fanya kazi kutoka chini kwenda juu. Chesisi kwanza, kisha ekseli, springi na breki, kisha injini, kisha umeme. Bodi na rangi vije mwisho kabisa. Anayefuata mpangilio huu anaweza kuishiwa fedha katikati ya safari na bado akabaki na kitu chenye thamani. Aliyeanza na rangi akikwama, hana alichobakiwa nacho.

Nazungumzia Land Rover 109 kwa sababu ndiyo pikapu iliyobeba walimu, chanjo, mbolea na wagonjwa katika wilaya ambazo barabara zake zilikuwa za jina tu, na kwa sababu inafanyika nyumbani. Haina kompyuta, karibu kila kitu kimefungwa kwa bolti, na mtu mwenye subira, spana na sehemu kavu ya kufanyia kazi anaweza kuifungua yote na kuirudisha. Namba 109 ni inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, yaani takriban sentimita 277. Series II ilitoka mwaka 1958, IIA ikafuata mwaka 1961, na Series III ikatengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Ukikuta taa kubwa zimekaa katikati kwenye grili, hilo ni gari la kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960. Ukikuta taa ziko kwenye madigadi, grili ni ya plastiki na saa za dashibodi ziko mbele ya dereva, hiyo ni Series III. Jua toleo lako kabla hujanunua hata sili moja, maana spea za matoleo haya hufanana kwa macho na kukataana kwenye kufunga.

Kuna jambo jingine la historia ambalo lina maana kubwa kwa anayenunua leo. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya vita. Bodi ikaundwa kwa aluminiamu iliyochanganywa na magnesi, huku chesisi na ukuta unaotenganisha injini na kabini vikibaki vya chuma. Bodi ya aluminiamu haioti kutu, hivyo gari huonekana zima hata pale ambapo chuma kinachoibeba kimeoza. Usilihukumu gari hili ukiwa umesimama.

Kabla hujalipa, shika kadi ya gari na tochi. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma cha mbele upande wa kulia, pale springi inapofungwa, na kuna kibao chake ndani ya kabini. Namba ya injini iko kwenye bloku, upande wa kushoto kwa mbele, karibu na manifoldi ya ekzosi. Safisha, soma, linganisha na kadi. Magari haya mengi yalitoka kwenye minada ya Serikali, mashirika na misheni, yakapita mikono mingi, na injini zikabadilishwa bila mtu kwenda kuandikisha. Injini isiyolingana na kadi si lazima iwe ya wizi, lakini usumbufu wake utakuwa wako. Mwuzaji amalize yeye mambo ya usajili, TRA kama uko Tanzania au NTSA kama uko Kenya, ndipo umpe fedha yake. Namba ya chesisi ikiwa haisomeki, au inaonekana kugongwa upya, shukuru na uondoke.

Sasa lala chini ya gari. Chesisi ya 109 ni maboriti mawili marefu ya mraba, yenye uwazi ndani, yaliyoundwa kwa kuchomelea mabati yenye unene wa kama milimita 2. Maji na tope huingia kupitia matundu, hukaa humo, na kutu hula kutoka ndani. Kwa nje unaweza kukutana na rangi nyeusi safi iliyopakwa wiki iliyopita. Chukua nyundo ndogo ugonge kila shubiri, kuanzia mbele hadi nyuma, chini na pembeni. Chuma kizima hulia, na nyundo hurukia mkononi. Kilichooza hutoa sauti nzito iliyokatika, na mara nyingine utasikia magamba ya kutu yakidondoka ndani ya boriti. Ukitia shaka, sukuma bisibisi pana kwa nguvu zako zote. Ikizama, hapo hapana chuma. Mwuzaji anayekukataza kugonga amekwisha kukujibu.

Sehemu za kutazama kwa makini ni boriti ya nyuma inayoshika bampa na kifungio cha trela, mikono inayotoka kwenye chesisi kwenda pembeni kubeba bodi, pale springi za nyuma zinaposhikwa, na boriti pale zinapopita juu ya ekseli ya nyuma ambako tope hujikusanya na hakuna anayeosha. Uliza pia gari liliishi wapi. Lililokaa Tanga, Unguja au Lamu limekula chumvi kwa miaka, na lililokaa Dodoma au Singida mara nyingi lina chesisi unayoweza kuishukuru. Kati ya magari mawili ya bei moja, chagua lenye chesisi nzima na injini mbovu. Injini hufunguliwa na kufungwa kwa siku chache. Chesisi ni kazi ya miezi.

Kuchomelea chesisi kuna kanuni ambazo mafundi wengi wa mtaani huziruka kwa sababu mteja ana haraka. Usikubali kiraka juu ya kutu. Bati lililooza likatwe mpaka pafike chuma kinachong'aa, kiraka kiwe cha milimita 2 au 3, na kichomelewe pande zote nne ili maji yasipate mlango. Kabla ya kukata popote, chesisi itegemezwe sehemu nne zilizo sawa, na bodi ikiwa bado juu yake, milango iwe imefungwa. Milango ndiyo kipimo chako cha bure: ikianza kubana au kuachia wakati fundi anachoma, chesisi inavutika kwa joto na inabidi asimame, papoe, ahamie upande wa pili. Bodi ikiwa imetolewa, pima kwa futi kamba kutoka pembe hadi pembe, kulia mbele hadi kushoto nyuma, halafu kinyume chake. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana kwa milimita nyingi, gari litakwenda upande maisha yake yote, na hakuna fundi wa alaimenti atakayeliponya. Kazi ikiisha, puliza nta au mafuta mazito ndani ya maboriti kupitia matundu yake, na hakikisha matundu ya chini ya kutolea maji yako wazi. Kama zaidi ya theluthi ya chesisi imeoza, acha viraka. Uingereza bado wanaunda chesisi mpya za 109 zilizochovywa kwenye zinki. Ni ghali kuileta, lakini mara nyingi inashinda mwaka mzima wa kuchomelea.

Hapa nataka kusema neno la usalama ambalo kila mwenye 109 angepaswa kulijua siku ya kwanza. Breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye boksi la gia kwenda ekseli ya nyuma. Maana yake ni kwamba ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaliruhusu lililo hewani kuzunguka na lile lililobaki chini linakuwa huru. Gari la tani moja na nusu linaweza kutembea huku breki ya mkono imevutwa mpaka mwisho, na wewe uko chini yake. Weka vizuizi vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini kabla hujagusa jeki. Kisha weka stendi za chuma chini ya chesisi au ekseli. Tofali la saruji lisitumike kabisa, kwa sababu halitoi dalili. Linapasuka mara moja.

Jambo la pili la kuokoa kazi yako ni spana. Land Rover hizi zilifungwa kwa bolti za inchi, na boksi za zana za gereji zetu zimejaa spana za milimita. Spana ya 13 inaonekana kuingia kwenye kichwa cha nusu inchi, lakini nusu inchi ni milimita 12.7. Hiyo nafasi ndogo ndiyo inayomenya pembe za nati yenye kutu, na nati iliyomenyeka inageuza kazi ya dakika tano kuwa ya nusu siku kwa patasi na moto. Saizi ya 9/16 ni milimita 14.3, kwa hiyo 14 haiingii na 15 inacheza. Nunua seti moja ya spana na soketi za inchi, hata za mtumba, kabla hujafungua chochote. Na uwe na mafuta ya kulegezea kutu: paka jioni, rudia asubuhi, ndipo ujaribu. Kila bolti unayoitoa iweke kwenye mfuko wake pamoja na karatasi yenye jina la sehemu, na piga picha kwa simu kabla ya kutenganisha. Ukirudi baada ya miezi minne hutakumbuka ule waya mwekundu ulikuwa unakwenda wapi.

Springi za 109 ni za mabapa yaliyopangwa. Zikikaa miaka bila kufunguliwa, mabapa hushikana kwa kutu na gari hurusharusha abiria kana kwamba halina springi kabisa. Zifungue, sugua kila bapa, paka grisi nyepesi, weka bushi mpya. Bushi za zamani huganda kwenye chesisi, na kuna nyakati itakubidi uzikate kwa ndani kwa msumeno wa chuma kwa subira. Kumbuka kwamba springi za upande wa dereva ziliundwa zikiwa zimejikunja zaidi kidogo kuliko za upande wa pili, kwa ajili ya kubeba uzito wa dereva na tangi la mafuta. Ukizichanganya, gari litalala upande hata likiwa tupu. Kuhusu kuongeza mabapa ili libebe magunia mengi zaidi, hapana. Springi ikikataa kupinda, mshtuko wote wa shimo huhamia kwenye chesisi, na nyufa huanza pale springi inapofungwa.

Kwenye breki usiwe bahili hata kidogo. Matoleo mengi ya zamani yana njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, hata kama ni la gurudumu la nyuma, huna breki kabisa. Badilisha mabomba yote ya chuma na ya mpira, silinda za magurudumu zote, na mafuta yote, bila kujali yanaonekanaje. Kisha fanya badiliko ambalo kwangu linatangulia mengine yote: weka silinda kuu yenye njia mbili pamoja na sevo, kama zile za Series III za mwisho. Utakuwa umeliongezea gari usalama bila kukata chochote, na likihitajika kurudi kwenye hali yake ya awali, litarudi. Unapofungua madramu, usipulize vumbi kwa kompresa wala kwa mdomo. Lainingi za breki za zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu taratibu kwa miaka. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitupe kikiwa bado kimelowa.

Tukifika kwenye injini, ndipo ubishi wa vijiweni unapoanza. Injini ya asili ya nyingi za 109 ina silinda nne na ujazo wa cc 2,286, ya petroli au ya dizeli, na ya petroli ina nguvu farasi karibu 70 tu. Ni nguvu ndogo kwa gari zito, na kwa mwendo wa barabara kuu inakunywa mafuta bila huruma. Kwa hiyo kila mtu ana binamu aliyeweka dizeli ya Toyota au Isuzu na sasa anapita malori mlimani Kitonga.

Kubadilisha injini kunaweza kuwa uamuzi mzuri, lakini watu hukuanza upande usio sahihi. Boksi la gia, shafti za ndani ya ekseli ya nyuma na breki za madramu vilihesabiwa kwa nguvu farasi 70. Ukiongeza nguvu mara moja na nusu, na kama gari lako lina shafti za nyuma zenye meno kumi, hizo ndizo hukatika kwanza, kwa kawaida gari likiwa limebeba mzigo na linapanda. Pia difu za asili zina uwiano wa 4.7, uliokusudiwa mwendo wa polepole, hivyo dizeli yenye nguvu itapiga kelele kwa kilomita 80 kwa saa mpaka uweke difu za 3.54 zinazopatikana kwenye 110 na ndugu zake. Ukibakiza injini ya asili na kuweka difu hizo za 3.54, mlima utakushinda. Kwa hiyo difu na injini huamuliwa pamoja. Bamba la kuunganishia injini ngeni na boksi la Rover lazima likerezwe kwa usahihi kabisa. Likikaa pembeni hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, beringi ya mbele ya boksi na diski ya klachi vitakwisha kila baada ya miezi, na utamlaumu muuza spea bure.

Uamuzi wangu ni huu. Kama pikapu itafanya kazi kila siku, kwa safari ndefu na mzigo, badilisha injini, lakini baada ya breki, na kwa sharti kwamba vishikio vya injini mpya vifungwe kwa bolti bila kukata vile vya asili. Halafu nenda ukaandikishe namba mpya wiki hiyohiyo. Kama ni ya shamba, ya mwisho wa juma na ya kwenda kijijini, ifufue injini yake. Itakupeleka, itakurudisha, na fundi yeyote wa umri fulani kuanzia Mbeya hadi Marsabit ataielewa bila kuuliza.

Kuifufua kunaanza na kipimo cha mgandamizo wa kila silinda. Namba zikikaribiana, tofauti isizidi kama sehemu moja ya kumi, achana na ndani na ushughulikie nje: plagi, pointi, bomba za maji, rejeta, mkanda wa feni. Mwachano wa vali zote ni inchi 0.010, yaani milimita 0.25, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Ukilazimika kufungua silinda hedi ya petroli, mwulize mtu wa mashine kuhusu kuweka viti vigumu vya vali za kutolea moshi. Petroli yenye risasi iliondoka vituoni Afrika kusini mwa Sahara tangu mwaka 2006, na risasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikilainisha viti vya zamani.

Kabla hujalaani injini kwa kunywa mafuta, tazama kabureta. Zenith iliyofungwa kwenye nyingi za 109 ina udhaifu mmoja unaojulikana: mfuniko wake wa juu hupinda kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi, petroli hupenya mahali isipotakiwa, na injini hunguruma bila utulivu huku ikitoa moshi mweusi. Watu wengi huitupa na kufunga kabureta ya gari jingine. Dawa yake hugharimu kidogo mno. Fungua skrubu za mfuniko, uweke juu ya kioo kinene kilicho bapa, utazame mwanga unaopenya chini yake. Kisha bandika msasa laini wa maji kwenye kioo hicho, lowesha, na zungusha mfuniko juu yake taratibu kwa mikono miwili, bila kukandamiza upande mmoja. Mwanzoni utaona alama za kung'aa kwenye pembe tu. Endelea mpaka uso wote uwe na rangi moja. Osha kwa petroli, weka gasketi mpya na pete mpya ya mpira ya ndani, kaza skrubu kwa mpishano na kwa nguvu ya vidole vitatu. Mara nyingi injini iliyohukumiwa kufa hutulia alasiri hiyohiyo.

Umeme nitaupitia haraka. Land Rover za kabla ya 1967 zilikuwa na chanya kwenye bodi, kinyume na magari ya leo, kwa hiyo hakikisha kabla hujafunga betri, redio au altaneta. Magari haya yana fyuzi chache mno, na nyaya za miaka 50 hukatika insulesheni zikiguswa. Vuta nyaya mpya zote, weka kisanduku cha fyuzi cha kisasa na rilei za taa kubwa, na uvute waya mnene wa hasi kutoka betri hadi chesisi na mwingine hadi injini. Usitegemee bodi ya aluminiamu kurudisha umeme.

Tangi la petroli la 109 liko chini ya kiti. Hakuna kuchomelea popote kwenye kabini au chesisi ya karibu kabla tangi halijatolewa na kupelekwa mbali. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa kwa sababu limejaa mvuke. Tangi linalovuja lipelekwe kwa fundi wa matangi mwenye utaratibu wa kuliosha, au libadilishwe.

Sasa bodi. Ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini huoza pale miguu ya dereva inapokaa na kwenye pembe za juu chini ya kioo, na milango imening'inia juu yake, kwa hiyo utengenezwe kabla ya kugusa mabati mengine. Kwenye aluminiamu tazama unga mweupe, ambao huota pale inapogusana na chuma penye unyevu. Kila mahali vinapokutana weka utepe wa mpira au tabaka nene la rangi kati yake, na usifunge bolti ya chuma tupu. Fundi mwenye mashine ya kawaida ya vijiti hawezi kuchomelea aluminiamu hii. Inahitaji mashine ya gesi ya argoni na mkono uliozoea. Kama hayupo, kata kipande, kiunganishe kwa ribiti, kama walivyofanya kiwandani. Usinyooshe mabonyeo yote kwa puti. Aluminiamu hucheza, puti hupasuka, na 109 yenye makunyanzi machache ya kazi haina aibu yoyote.

Kwenye mabadiliko mengine kuwa mkali na nafsi yako. Mikanda ya usalama kwa waliokaa mbele ni lazima, ikishikwa kwenye chuma chenye nguvu na siyo kwenye aluminiamu. Viti vizuri, sawa. Turubai na fremu ya nyuma, sawa, vikifungwa kwa bolti. Matairi ya saizi ya asili, 7.50-16, yanalifaa gari hili kuliko yale mapana yanayopendwa siku hizi, ambayo huuchosha usukani usio na pawa na kuzilemea zaidi beringi. Kukata paa, kufupisha chesisi au kukata madigadi ili matairi makubwa yaingie, usifanye. Madigadi na milango iliyonyooka inazidi kuadimika, na ukishakata hurudishi.

Rangi ije sasa, gari likiwa tayari limetembea miezi miwili mitatu, maana katika muda huo utafungua tena sehemu nyingi. Aluminiamu ikwanguliwe kwa msasa laini, ioshwe mafuta yote, ipakwe praima ya asidi iliyoundwa kwa ajili yake, kisha rangi. Bila praima hiyo, rangi ya bei yoyote itabanduka kwa maganda. Kilomita 500 za kwanza kaza upya nati za magurudumu, nati za springi na bolti za silinda hedi, na tazama mafuta ya breki kila asubuhi.

Spea zipo kuliko watu wanavyodhani. Gerezani na Ilala jijini Dar es Salaam, na Kirinyaga Road kule Nairobi, bado kuna maduka yenye rafu za 109, na tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha mwezi Oktoba 2024 lilionyesha kwamba magari haya bado yanatembea kwa mamia. Kinachopungua haraka ni mafundi. Wale waliojifunza kazi katika karakana za Serikali na za misheni miaka ya 1970 ni wazee sasa, wanalijua boksi hili la gia kwa vidole, na vijana wengi wa gereji hawajawahi kulifungua. Kama mtaani kwako yuko mzee wa namna hiyo, mwendee kabla hujanunua nati ya kwanza. Mlipe siku yake kama unavyomlipa fundi yeyote, mwekee kiti kivulini, na mlete kijana wako au fundi wako mchanga akae karibu naye, ashike spana na kuuliza.